Hereni za Wagonjwa

Ardis Schmaltz alikuwa na kazi ambayo hata dada yake Leona alishindwa kuieleza kwa majirani. Chama cha madaktari cha jimbo kilimwajiri asome miswada. Basi. Bunge la jimbo lao la tambarare, lenye ng'ombe wengi kuliko watu, hukutana siku themanini tu kila baada ya miaka miwili, na siku hizo zote Ardis alishinda humo akinong'ona sentensi baada ya sentensi kama mtu anayesali, ili usipite mstari wowote wa kuwatia madaktari matatani. Alikuwa na miaka sitini na miwili, viatu vya raba na miwani mbili, moja puani na moja kichwani, na hata hivyo kila asubuhi aliuliza nani kaiona miwani yake.

Siku ya themanini iliangukia Ijumaa. Bunge zima lilikuwa hoi kama ng'ombe wa mnada. Waheshimiwa walishaanza kupakia vitu vyao kwenye maboksi, na miswada ilipita mbio hivi kwamba mmoja alilipigia kura ya ndiyo tangazo la gari lililoegeshwa vibaya.

Madaktari walikuwa na mswada wao mmoja tu wa roho: kampuni za bima ziwe zinajibu maombi ya daktari ya kibali cha matibabu ndani ya siku tatu, badala ya kumweka mgonjwa mpaka apone mwenyewe au azikwe. Ulikuwa umekwama tangu Februari. Jana yake kamati ya pamoja ikaukwamua kwa kuufungisha ndoa ya mkeka na mswada mwingine, wa madaktari wa mifugo. Ardis alishangilia. Saa sita mchana nakala iliyounganishwa ikatoka, ikapita bunge la chini kabla wino haujakauka. Seneti ingepiga kura saa tisa.

Ardis akakaa kwenye ngazi, akaanza kunong'ona. Ukurasa wa kumi na nne ukamnyamazisha. Akabadilisha miwani. Maneno yakabaki vilevile: *Daktari yeyote hataruhusiwa kumtibu anayetibiwa kabla hajahakikisha amevishwa hereni yenye namba katika sikio la kushoto.*

Kifungu hicho kilikuwa cha ng'ombe. Lakini baada ya ndoa ile, "daktari yeyote" alikuwa yeyote kweli.

Akampigia rais wa chama, Daktari Emil Tollefson, bingwa wa masikio, pua na koo.

"Daktari, kuna shida ya masikio!"

"La kulia au la kushoto?"

"La kushoto, lakini..."

"Linatoa usaha?"

"Daktari, si langu! Ni la jimbo zima!"

"Waambie wasichokonoe na kijiti," alisema Daktari Tollefson. "Niko na mgonjwa mezani, Ardis. Nitawaona Jumanne." Akakata.

Saa nane na dakika kumi. Aliyebaki ni mwenyekiti wa kamati ile, Seneta Orville Kautz, mfugaji wa miaka sabini na sita, aliyetembea amepinda kama ndoana kwa sababu ya mgongo. Ardis alimkuta kwenye mkahawa wa chini, amelikumbatia bakuli la supu ya vidonge vya unga na viazi.

"Seneta, ukurasa wa kumi na nne una kasoro."

"We Ardis, kwako kila ukurasa una kasoro. Wiki iliyopita ulinikimbiza mpaka chooni kwa ajili ya nukta."

"Ile nukta ilikuwa inawafuta wakunga wote!"

"Haya, leo inamfuta nani?"

Ardis akamsomea. Seneta akatafuna taratibu, akacheka mpaka kidonge kikamrudi.

"Mbona sheria nzuri hiyo! Mimi ng'ombe wangu mia nne, hajapotea hata mmoja. Hospitalini walimpeleka shemeji yangu kupigwa picha ya goti, wakamrudisha hana nyongo. Angekuwa na hereni je?"

"Seneta, hili si jambo la utani. Urudisheni mswada kamatini."

"Saa hizi? Watu wanataka kwenda kwao. Mke wangu keshaoka keki ya kuniaga."

"Kukuaga unakwenda wapi?"

"Napasuliwa mgongo, Jumatatu."

Ardis akakunja karatasi zake polepole. "Sheria yenyewe inaanza kazi ikishatiwa sahihi tu," alisema. "Gavana anatia sahihi kesho. Kwa hiyo Jumatatu, Seneta, kabla hawajakugusa mgongo..."

Kijiko kikasimama hewani. Seneta Kautz alikuwa amevisha ng'ombe hereni miaka hamsini kwa mikono yake mwenyewe. Alikijua kile chombo cha kutobolea masikio, na alijua mlio wake. Mkono ukapanda wenyewe ukafunika sikio la kushoto.

"Bila ganzi?" aliuliza.

"Haijasema ganzi."

Mgongo au si mgongo, watu walioona wanasema alipanda ngazi kabla ya Ardis. Alifika kwenye kiti chake wakati jina la mswada linasomwa, leso ya mezani bado imening'inia shingoni, akapaza sauti: "Tuukatae! Urudi kamatini! Unatoboa watu!"

Waheshimiwa wakadhani mzee kapandwa na homa. Lakini alipoeleza, mikono ikaanza kwenda masikioni, kiti kwa kiti. Mswada ukarudi. Kamati ikakutana kwa dakika kumi na moja, imesimama ukumbini, Ardis akiwashikia karatasi mgongoni mwa Seneta Kautz, ambao kwa mara ya kwanza ulifaa kwa jambo fulani. Wakaandika "wa mifugo" pale palipokosa. Saa kumi na nusu ukapita kotekote. Kura moja tu ilikataa, ya Seneta Gudrun Wentz, aliyesema wazi kwamba wazo la hereni lilikuwa zuri ila watu waoga.

Jumamosi Ardis alilala mpaka mchana. Leona alikuja na sahani ya keki ya jibini, akamkuta amenyoosha miguu juu ya kochi.

"Haya, majirani wananiuliza. Umefanya nini siku themanini zote hizo?"

Ardis akafikiri, akamega kipande.

"Nimesoma," alisema. "Hii umeweka mdalasini?"