Aliyebeba Bahati ya Shayiri

Enanu aliolewa na Muche mwaka uleule shayiri ilipoanza kugeuka manjano ikiwa bado changa, na hilo ndilo kosa lake lote. Angeolewa miaka mitano kabla, angekuwa mke mwema mpaka siku ya kuzikwa.

Huko Banja, kwao milimani, mvua si haba. Hunyesha mpaka watu wakaichoka, na kwa vizazi imekuwa ikiusuuza udongo na kuondoka na kila kilicho kizuri. Ardhi ilikuwa imechacha. Lakini nani ahangaike na udongo wakati mke mgeni yupo jikoni? Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mama mkwe Tirngo hakuhitaji jua, alikuwa na Enanu.

"Kabla hujaja tulijaza maghala mawili," alimwambia mbele ya majirani waliokuja kunywa kahawa. "Umeingia wewe, hata maharage yamekataa. Una nuksi, mwanangu. Sikutukani, nakwambia ukweli tu."

"Mama, na shayiri ya Alemnew kule ng'ambo ya bonde imekauka vilevile. Kule nako nimeolewa?"

Majirani walicheka. Muche hakucheka, wala hakumtetea. Watu husema Muche hakuwa mtu mbaya. Wanaosema hivyo hawakuishi naye. Kwa miaka sita alimwacha mama yake aseme, naye akila kimyakimya. Hawakujaliwa mtoto, hilo nalo likatiwa kwenye kapu lilelile. Mwaka wa saba akawaita wazee, wakavunja ndoa.

Hati ya shamba ilikuwa na picha zao wote wawili, kwa hiyo ardhi iligawanywa nusu kwa nusu. Enanu akapewa kipande cha juu, udongo mwekundu wa mteremkoni ambao hata mbuzi aliupita bila kuinama. "Mpeni huko, akafe na nuksi yake," alisema Tirngo. Enanu akajenga kibanda pembeni ya shamba, akaapa moyoni kwamba shayiri itaota pale, na siku itakapoota, angalau mtu mmoja atatamka kwamba hakuwa na nuksi. Hakutaka zaidi ya hapo.

Bwana shamba, kijana aitwaye Sintayehu, alipita akichukua udongo wa kila mtu kwenye vifuko akaupeleka mjini kupimwa. Aliporudi baada ya miezi miwili alimwita Enanu shambani, akang'oa mche mmoja wa shayiri.

"Ona mizizi hii, dada Enanu. Mifupi, minene, ncha zimedumaa kama zimeunguzwa. Udongo ukichacha hivi, yaani ukijaa asidi, aluminiamu iliyomo ndani yake inayeyuka na kula mizizi. Mvua inanyesha, mmea unakufa kiu."

"Umechacha tangu lini?"

"Hii si kazi ya mwaka mmoja. Labda kabla hujazaliwa."

Enanu aliketi chini palepale na mche mkononi. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Miaka sita amekula masimango kwa ajili ya kitu kilichokuwepo kabla mama yake hajampata!

Dawa ilikuwa chokaa: magunia kumi kwa kila kipande, ichanganywe na udongo mwezi mzima kabla ya kupanda. Chama cha wakulima kikagawa kwa wote waliopimwa. Muche naye akapata yake, na Sintayehu akamweleza kama alivyomweleza Enanu. Muche akaitikia, "Sawa, sawa, bwana shamba." Lakini alikuwa karibu kuoa mke mwingine, binti aitwaye Simegn. Akaichukua chokaa akapaka nyumba, ndani na nje. Nyumba ikang'aa, harusi ikanoga. Iliyobaki, nusu gunia, aliimwaga juu juu siku ya kupanda, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi.

Enanu naye alikuwa na shida yake. Kule mwanamke hashiki plau, na hakupatikana mwanaume wa kumlimia. Kila aliyemwendea alikuwa na ng'ombe anayechechemea. Akashika jembe la mkono. Gunia la kwanza mpaka la kumi aliyafukia peke yake, viganja vikapasuka na chokaa ikaingia kwenye nyufa zile. Mwaka wa kwanza alivuna kisichomshibisha hata kuku. Wa pili ukawa afadhali. Mwaka wa tatu shayiri ilimfika kiunoni, na upande wa pili wa mpaka ya Muche ilikuwa manjano, imelala.

Akapika tela, pombe ya shayiri, akaalika mtaa mzima. Kila aliyepokea kikombe Enanu alimtazama mdomo, akisubiri neno moja. Walikunywa, wakasifu pombe. Tirngo naye alikuja, akanywa, akaliangalia shamba kwa muda.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Huyu alipotoka kwetu alibeba bahati yetu."

Watu wakaitikia kwa vichwa, wakakubaliana naye, vikombe vya Enanu mikononi.

Wiki iliyofuata wazee watatu walikuja kibandani. "Binti yetu," mmoja alianza, "rudi kwa mumeo. Rudi na kile ulichoondoka nacho."

"Ana mke."

"Simegn ataondoka. Tangu aingie, wewe mwenyewe unaona shamba lilivyo."

Enanu alitoka, akang'oa mche upande wake na mwingine upande wa Muche, akawawekea miguuni. Akawaeleza mizizi, chokaa, jembe, yote. "Dawa yenu mmeipaka ukutani," aliwaambia. "Nendeni mkaikwangue. Mimi sirudi, na yule binti mwacheni, hana kosa."

Mzee mkubwa aliigeuza ile mizizi kwa fimbo. "Huoni mche wako ulivyonenepa?" alisema kwa upole. "Umemla mwenzake."

Siku ya tatu Simegn alifukuzwa. Enanu alimwona akipanda njia na furushi kichwani, peke yake, akirudi kwao. Alikimbilia ndani, akachukua mkate mzima wa shayiri, akamsubiri ukingoni mwa njia.

"Dada, ingia upumzike. Si wewe, ni udongo. Njoo nikuonyeshe kwa macho yako."

Simegn alihamia upande wa pili wa njia. Alivuta shuka yake nyeupe akajifunika uso, ili jicho la Enanu lisimpate.

"Usinitazame," alisema. "Ungewarudishia bahati yao, mimi ningekuwa kwangu leo."

Akapita bila kugusa mkate.