Barua ya Kuleta Choo

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, mwaka jana, tulimzika mdogo wangu Yona hapa Mikumi. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Aliacha mke, binti wa darasa la pili anayeitwa Neema, na mama yetu, ambaye hakutegemea kumzika yeye. Tangu siku hiyo watu wananiambia nisikae peke yangu nikiwaza. Nimejaribu. Lakini nikinyamaza, mawazo hayabaki makaburini. Yanarudi Kidete, shuleni, kwenye jambo ambalo nikiwasimulia watu wa rika langu wanashika mbavu kwa kucheka. Na mimi huwa wa kwanza kucheka.

Sisi tuliosoma shule ya msingi enzi za ruksa tulikulia kwenye mambo mawili yasiyopatana. Madukani vitu vilikuwa vimerudi: biskuti, sabuni za kunukia, mitumba ya kila rangi. Shuleni hapakuwa na kitu. Tuliambiwa sasa kila jambo ni la kuchangia, nasi tukachangia kweli. Mtoto alikwenda shule kama anayehama nyumba: mkono mmoja dumu la maji, mkono wa pili fagio, kichwani kuni za kupikia uji, na daftari amelichomeka kiunoni kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha. Watoto wa siku hizi wakibeba chupa ya maji yenye picha ya katuni wanarudi wanasema mabega yanauma.

Kilichochangiwa kuliko vyote ni afya zetu. Kila Jumatatu Mwalimu Hosea, mwalimu wa afya, alipita mstarini fimbo ikiwa kwapani, akikagua kucha, meno, masikio na shingo. Mswaki ulikuwa kijiti cha mti, tulitafuna tukiwa njiani. Shingo tulisugua kwa gunzi la mahindi mpaka ikawaka moto, na mtu mweusi akaonekana mwekundu. Uji ulipikwa kwenye pipa lililokatwa nusu, kwa mahindi ya wazazi, hauna sukari, una moshi. Aliyesahau kikombe alimsubiri mwenzake amalize, akachukua kikombe hicho hicho, na afya ikaendelea.

Tatizo lilikuwa choo. Mvua za mwaka mmoja mto Mkondoa ulifurika, na choo cha shule kikatitia na kuta zake. Kamati ya shule ikakaa, ikaamua kila kaya ilete matofali ishirini na nguzo mbili. Barua ya kwanza ikaja, ya pili ikaja, ya tatu ikaja. Mwishowe ilikuwa mtu akitaja neno choo pale Kidete, baba zetu wanakumbuka ghafla kuwa wameacha jembe shambani. Sisi watoto tulikwenda kichakani nyuma ya shule. Mvua ikinyesha, vya kichakani vilishuka vyote mtoni. Jioni tulikwenda mtoni kuoga. Halafu Jumatatu tukakaguliwa kucha.

Yona ndiye aliyeoga kuliko wote. Mimi nilikuwa naogopa maji, tena nilichota kwenye bomba la stesheni, kwa hiyo mto niliuona kwa mbali tu. Yeye alitoka shule, akavua shati akiwa bado anatembea, akaingia majini mpaka treni ya jioni ipite. Alikuwa darasa la pili, ana miguu myembamba na tumbo la mbele, na mara kwa mara alilishika akisema linamkata. Bibi yetu alimlaumu kwa Kisagara kwamba anakula maembe mabichi, na ni kweli alikuwa anakula.

Ndipo ikaja barua ya nne. Bwana afya alikuwa anakuja na wataalamu wa kutoka wilayani na darubini yao, kuwapima watoto kichocho cha tumbo. Waliokutwa nacho wangepewa dawa. Jambo zuri kabisa, na kamati ililipigania muda mrefu. Shida ilikuwa kwamba aliyepewa kazi ya kuandika barua ni Mwalimu Hosea, mtu wa kanisani, mwenye haya kuliko bibi harusi. Darasani alisema, macho yake yakiwa dirishani, "Jumatano mtakuja na... kile kitu. Wazazi wenu wakisoma wataelewa." Na barua yenyewe ilisema hivi: Ndugu mzazi, siku ya Jumatano mwanao aje shuleni na choo bila kukosa. Kidogo kinatosha. Atakayekosa atarudishwa nyumbani.

Baba alisoma mara mbili. "Angalau safari hii wamekuwa waungwana," akasema. "Kidogo kinatosha." Jumatano asubuhi akatupanga: mimi matofali matano kwenye kikapu, Yona matatu kichwani.

Tulipofika uwanjani tulikuta shule imegawanyika. Watoto ambao wazazi wao waliwahi kulazwa hospitali walikuja na viboksi vya kiberiti vimefungwa kwa uzi, wamevishika mbali na pua. Watoto wa wakulima wa kawaida walikuwa na matofali. Katikati yao akaingia Mzee Masanja na mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, hana miaka miwili pale kijijini, na alitaka sana aonekane mwenyeji mwema. Mkokoteni ulikuwa umejaa nguzo.

"Mwalimu, habari za asubuhi," akasema. "Nimeleta choo cha watoto wanne. Nishushe wapi?"

"Mzee wangu," Mwalimu Hosea akasema kwa sauti ya chini, "siyo choo hicho."

"Kwani kuna kingine?"

Mwalimu akatazama mlimani. "Ni kile... kinachoingia humo."

Mzee Masanja akageuka nyuma. Akaangalia nguzo, akaangalia ng'ombe wake, akamwangalia mtoto mmoja mwenye kiberiti. "Sasa mwalimu," akasema, "mnataka cha kuweka hata kabla ya pa kuweka?"

Shule nzima iliangua kicheko, na hata bwana afya alijifanya anakohoa. Lakini wataalamu walikuwa wanasubiri. Viberiti vitupu vikaletwa kutoka dukani, jina la kila mtoto likaandikwa juu, na sisi watoto wa matofali tukaambiwa tuingie kichakani, turudi upesi.

Mimi nilifanikiwa. Yona hakufanikiwa.

"Dada, hakitoki," akasema.

"Jikaze."

"Nimejikaza mpaka naona nyota."

Kule uwanjani walishaanza kuita majina. Yona akaanza kulia, maana barua ilisema atakayekosa atarudishwa, na kurudishwa maana yake ni kumkuta baba, ambaye angetaka kujua matofali yake yamekosa nini. Nikachukua kijiti, nikagawa cha kwangu, nikamtilia nusu kwenye kiberiti chake. Nilikuwa darasa la nne. Nilishasoma hesabu za sehemu, na nusu kwa nusu niliiona ni haki kabisa.

Ijumaa wazazi wakaitwa kusikia majibu. Zaidi ya nusu ya watoto walikutwa na kichocho. Wakapangwa mstari, na kwa kuwa vidonge vile havimezwi tumbo likiwa tupu, walipewa kwanza uji wa sukari na maandazi. Sisi wachache tuliokutwa safi tulisimamishwa mbele tukiangalia wagonjwa wakila. Bwana afya akamwinua Yona mkono, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote pale mbele. "Mtazameni mtoto huyu," akasema. "Huyu anafuata kanuni za afya. Huyu haendi mtoni." Akampa kipande cha sabuni ya kunukia. Mama akapiga kigelegele.

Yona akaninong'oneza, "Dada, sabuni hailiwi."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Mwalimu Hosea. Ningeweza kusema. Niliiogopa fimbo, huo ni ukweli, lakini siyo ukweli wote. Mama alikuwa amefurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwake, akiwageukia wanawake wengine na kusema, "Wangu huyo." Nikaona nikisema nitamnyang'anya. Vidonge vilibaki kwenye kopo. Mtu wa wilayani akafunga kifuniko, akalitia mfukoni.

Wiki iliyofuata Yona akafanywa kiongozi wa afya wa darasa la pili. Aliichukua kazi hiyo kama askari. Alikagua shingo za wenzake, akaandika majina ya wenye kucha ndefu, na aliyebisha alimwambia, "Mimi nilipimwa. Wewe ulipimwa ukawaje?" Jioni alivua shati njiani kama kawaida. Wenzake wakimwona anajirusha majini walipiga kelele, "Kiongozi anakagua mto!"

Tumbo liliendelea kumkata. Mama alimchemshia mwarobaini, akamkataza maembe, akambadilishia uji. Kichocho hakikumjia akilini hata mara moja. Kilikuwa kimeshapimwa.

Na nisije nikasahau: choo kilijengwa. Matofali yaliyoletwa kwa makosa na nguzo za Mzee Masanja zilitosha kabisa, tena zikabaki. Barua tatu zilizoandikwa vizuri zilishindwa, ya nne iliyoandikwa vibaya ikajenga choo cha matundu sita. Mzee Masanja akaingizwa kwenye kamati.

Tulikua. Mimi niliishia darasa la saba, nikaolewa Mikumi. Yona akanifuata, akawa fundi wa matairi kando ya barabara kuu. Sitaki kudanganya: mpaka anahama Kidete alikuwa bado anaoga Mkondoa, na ningemwacha apewe vidonge siku ile, huenda angeambukizwa tena mwezi uliofuata. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Ni hoja nzuri. Hainisaidii.

Mwaka jana mwanzoni tumbo lake lilijaa maji, kisha akatapika damu. Hospitalini daktari, kijana mdogo mwenye adabu, akatuambia ini limekakamaa na wengu umevimba, na akataka kujua alikulia wapi.

"Kidete," mama akajibu.

"Karibu na mto? Aliwahi kupimwa kichocho, mama?"

Mama akakaa sawa kwenye kiti. "Alipimwa shuleni. Akakutwa safi. Alisimamishwa mbele ya watu akapewa sabuni. Hata ukiuliza watu wa kule watakwambia."

Daktari akaanza kuandika. Nikaona kalamu inatembea. "Daktari, usiandike hivyo," nikasema. "Kilichopimwa kilikuwa changu. Yeye alishindwa siku ile, nikamgawia."

Yona alikuwa amelala, ana macho ya njano, tukadhani hasikii. "Nusu," akasema. "Daktari, alinipa nusu. Huyu dada hajawahi kunipa kitu kizima."

Daktari akacheka, nami nikacheka, machozi yananitoka. Mama hakucheka. Alinitazama muda mrefu, akafunga kanga yake vizuri, akageukia dirishani.

Walimpa dawa ya kichocho. Daktari hakutuficha: ingeua wadudu kama wapo, lakini ini lililokwisha kukakamaa halirudi. Akasema pia kwamba magonjwa mengine yanaweza kuharibu ini namna ile, na yeye hawezi kuapa ni lipi. Yona alitapika damu mara ya pili siku ya Alhamisi mchana, na hakuamka.

Msibani mama na mimi tulipika pamoja, tulipokea wageni pamoja, tulilala mkeka mmoja. Jambo la kiberiti hakulitaja. Sikumwomba msamaha, maana sikujua niombe kwa lipi: kwa kudanganya wakati ule, au kwa kusema kweli wakati huu.

Siku hizi shuleni hawaombi choo cha mtu. Watoto wote wanapewa dawa, mwenye mdudu na asiye naye. Wanapimwa urefu kwa ufito wenye alama, na urefu wako ndio unaosema vidonge vingapi. Wazazi tunachangia chakula cha siku hiyo, wali na maharage, na mwalimu anatuma picha kwenye kundi letu la simu, watoto wameinua vikombe. Tunajibu kwa vidole gumba. Hakuna anayeona haya, hakuna anayebeba tofali. Nikiona picha zile nawaza sisi tungepewa hivyo, bila maswali, bila aliye safi na aliye mchafu.

Lakini watoto ni watoto. Jioni moja mwezi wa nane, mwaka ule ule wa msiba, Neema alirudi akasema kesho yake ni siku ya vidonge, na kwamba vinanuka, na kwamba mwaka uliopita yeye na rafiki zake waliviweka chini ya ulimi, wakavitema nyuma ya darasa. Alisema kwa kujisifu kidogo. Sauti ile ilikuwa ya baba yake kabisa.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

Asubuhi nilimkuta amevaa gauni la kanisani. Akamshika Neema mkono, akaniambia na mimi nije. Shuleni mwalimu, binti ambaye ningeweza kumzaa, akamwamkia, "Shikamoo bibi. Wazazi hawakuitwa leo, mngebaki tu nyumbani."

"Marahaba mwanangu. Nataka kumwona akimeza."

Neema alikula, akapimwa kwenye ufito, akapewa vidonge vyake na kikombe cha maji. Akameza huku amekunja uso. Mama akainama mbele yake. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Geuza huku." Akatazama ndani ya mdomo ule kama anayetafuta sindano. Kisha akaninyooshea mkono bila kunitazama. "Dada yake Yona, njoo uangalie na wewe. Macho yangu yamechoka."

Nikaangalia. Hapakuwa na kitu.

Nilidhani tumemaliza. Mama akasogea kwa mtoto aliyefuata mstarini, mvulana asiyemjua, akamwambia afungue mdomo. Mwalimu akanitazama, nami nikamfuata mama. Tulikwenda mtoto kwa mtoto, mama akiamuru na mimi nikiangalia chini ya ndimi. Wanne walikutwa navyo shavuni wakamezeshwa upya. Mstari wa darasa la pili ulipokwisha, mama akanyoosha mgongo, akamuuliza mwalimu darasa la tatu wako wapi.