Dobi aliyemwandika mama yake kuwa mwajiri wa mwisho

Saa kumi na moja alfajiri, wakati wenye usingizi wao wanajivutia shuka kichwani, yeye anavuta mashuka ya watu asiowajua. Yanatoka mashineni mazito, yamejisokota kama kamba. Anakung'uta moja, anakamata pembe mbili, mwenzake anakamata mbili, kisha wanaliingiza kwenye mashine ya kunyooshea. Linatokea upande wa pili likiwa la moto na limenyooka.

"Vuta kwako, Mtoto wa Mama!" anapaza sauti mwenzake, mwanamke mfupi ambaye kiwanda kizima cha udobi kinamwita Kasuku kwa sababu hajawahi kukaa kimya tangu aajiriwe. "Naona leo una shati jipya."

"Si jipya. Limepigwa pasi tu."

"Basi na uso wako uupitishe hapa, umekunjamana."

Dobi anacheka, lakini Kasuku hajakosea. Leo ni siku ya mwisho ya miezi yake mitatu ya majaribio. Kabla jua halijazama atajua kama anabakizwa kazini au anarudishwa kwenye benchi la watafuta kazi, benchi analolifahamu kuliko godoro lake. Tena jibu halitamfikia yeye kwanza. Litapelekwa kwa simu nyumbani, kwa mama yake.

Msomaji akiona ajabu, ajue na mwandishi aliona ajabu. Makubaliano ya namna hiyo yalizaliwa siku ya usaili, na kisa chake ni kirefu kidogo.

Dobi ana miaka arobaini na miwili, kipara kinachopiga hodi na kicheko kinachotangulia maneno. Ujanani alifanya kazi ya kupiga pasi katika hoteli kwa miaka minne. Alikuwa hodari, na anasema hivyo mwenyewe bila haya. "Shati nililolipiga pasi mimi, mwenye shati alikuwa anaogopa kukaa."

Kisha mama yake akaanguka jikoni. Ilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, maneno yakamkwama mdomoni. Baba alikwisha fariki, na mdogo wake wa kike alikuwa ameolewa mbali na ana mtoto mchanga. Dobi aliomba ruhusa ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, na mwezi ukawa barua ya kuachishwa kazi. Alipokuja kuinua kichwa, miaka tisa ilikuwa imepita.

"Watu wananiuliza niliamuaje," anasema. "Sikuamua. Mtu akiangushiwa mtoto mikononi haamui, anadaka. Mimi nilidaka mama."

Nyumba yao ni vyumba viwili vyenye ua wa pamoja. Kitanda cha mama kilihamishiwa chumba cha mbele ili aone watu wanaopita. Mama mdogo, anayekaa mtaa wa pili, alikuja kila asubuhi kumwogesha dada yake, maana yako mambo ambayo mtoto wa kiume huyaachia wanawake. Mengine yote yalikuwa ya Dobi: uji, dawa, kumnyoosha viungo, kumfundisha kutamka upya jina la kila kitu kilichomo chumbani. Na kumgeuza. Mchana na usiku alimgeuza kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya mgongo.

Kando ya kitanda aliweka meza, na juu ya meza pasi ya mkaa. Majirani walileta nguo zao, naye alipiga pasi huku mama akimtazama. Kipato hicho hakikuwahi kufika nusu ya mshahara wa hotelini. Kuna miezi waliyokula mlo mmoja, na kuna mwaka alioivaa suruali moja hadi mama akasema anaijua kuliko anavyomjua mwenye suruali.

"Alianza kunitania kabla hajaanza kutembea," anasema Dobi. "Hapo ndipo nilipojua atapona."

Akapona kweli, kwa kiasi. Leo mama anatembea kwa kigongo kutoka kitandani hadi mlangoni, na ulimi umerudi na riba. Mwaka jana binti yake alirudi nyumbani na cherehani yake, akaanza kushona barazani. Akamwambia kaka yake, "Sasa nenda. Zamu yangu imefika."

Dobi akaenda. Na huko alikokwenda alikutana na swali ambalo kila aliyewahi kukaa muda mrefu bila ajira analijua: hii miaka yote ulikuwa wapi?

Kwenye usaili wa kwanza alijibu kwamba alikuwa nje ya nchi. Alishauriwa na rafiki kuwa jibu hilo lina heshima. Msaili akafurahi, akauliza ni nchi gani, kisha akasema, "Na baridi ya huko uliionaje?"

"Ya kawaida tu," akajibu Dobi.

Msaili akaweka kalamu chini. Alikuwa amesoma huko, na huko hakuna baridi.

Kwenye usaili wa pili akasema alikuwa na biashara ya mayai, akinunua kwa jumla na kuuza rejareja. Akaulizwa kwa nini aliiacha. "Kuku walikufa," akasema, na hapo hapo akajisikia vibaya, kwa sababu dakika moja iliyopita hakuwa na kuku. Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia mlangoni mwa ofisi ile.

Mtu mwingine angekoma. Dobi aliona kosa si uongo, bali uongo ambao haukufanyiwa mazoezi. Alipoitwa usaili wa tatu, wa kiwanda hiki cha udobi, alisimama mbele ya kioo chumbani kwake akaanza upya: kuku wangapi, banda liko wapi, ugonjwa gani uliwaua. Alisahau kwamba ukuta wa chumba chake na cha mama ni wa mbao.

"Njoo hapa," mama akaita.

Akaenda. Mama alikuwa amekaa kitandani, kigongo mapajani.

"Hao kuku ni wepi?"

"Wa usaili, mama. Wanauliza nilikuwa wapi."

"Kwani ulikuwa wapi?"

Mama akamtazama mpaka Dobi akainamisha kichwa.

"Miaka tisa umeniuguza, mwanangu, leo unaniita biashara ya mayai?"

Dada mtu, aliyekuwa barazani, anasema cherehani ilisimama yenyewe. Dobi anakiri kwamba maneno yale yalimchoma kuliko pasi yoyote aliyowahi kuishika. "Nilidhani nafuta pengo la kazi," anasema. "Kumbe niliyekuwa namfuta ni mama. Yeye amelala pale anasikia mwanawe anatafuta kitu chochote cha kusema, ilimradi si yeye."

Alipofika kiwandani kesho yake alipewa fomu ya maombi. Palikuwa na mahali pa kuandika mwajiri wa mwisho na namba yake ya simu. Yeyote anayejua taratibu za ofisi angeandika ile hoteli ya zamani. Dobi alitafuna kalamu, akajiuliza ni nani aliyemtuma, aliyemgombeza, aliyemwamsha na kumkagua miaka yote tisa, akaona jibu ni moja tu. Akaandika: Mama. Akaweka na namba.

Meneja wa kiwanda ni mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alisoma fomu, akamtazama mwombaji, akasoma tena. "Nilidhani ni jina la kampuni," ananiambia. "Yeye akasema, 'Hapana, ni mama. Mpigie.' Nikamwambia asubiri nje. Nilitaka nicheke peke yangu kwanza."

Akapiga. Lakini mama, tangu sikio moja lipungue nguvu, huongea na simu kana kwamba aliye upande wa pili yuko mlima wa jirani. Dobi alikuwa kwenye benchi la koridoni, mlango umefungwa, na sauti ya mama ikamfikia yote.

"Ndiyo, nilikuwa naye! Miaka tisa na ushei! Wewe nani unayeuliza?"

Meneja akajieleza, kwa sauti ya chini.

"Ubaya wake? Anao! Chumvi hajui, ama hakuna ama imemwagika! Akichoka ana kiburi! Na akikasirika haongei, anaimba, na hana sauti!"

Watafuta kazi wengine watatu kwenye benchi wakageuka kumtazama. Dobi akajifanya anasoma tangazo la kuzima moto.

"Uzuri wake?" Sauti ikashuka, lakini koridoni ilisikika bado. "Mama, wewe unajigeuza mwenyewe ukilala, hujui. Mtu asiyeweza kujigeuza, mkunjo mmoja wa shuka unamtoboa mgongo. Mimi nimelala miaka, na sijawahi hata siku moja kulalia shuka lenye mkunjo. Alikuwa analinyoosha kwa pasi, halafu kwa mkono, halafu anapitisha shavu lake ahakikishe. Mgongo wangu hauna kidonda mpaka leo. Njoo uukague."

Kiwanda hicho hufua mashuka ya hoteli, na pia ya hospitali mbili. Meneja alitoka nje mwenyewe kumwita mwombaji. Anasema alikuwa amevua miwani, na anaomba nisiandike kwa nini.

"Mbona hili hukuliandika?" akamuuliza.

"Nafasi ilikuwa ndogo," akajibu Dobi.

Akapewa majaribio ya miezi mitatu. Kabla simu haijakatwa, mama alikuwa ametoa sharti lake: siku ya mwisho ya majaribio apigiwe yeye kwanza. Alikuwa ametoa neno lake, alisema, na mtu aliyetoa neno ana haki ya kujua limekuwaje. Meneja akakubali. Hapo Kasuku, aliyekuwa akipita koridoni, akatangaza habari hiyo kila kona ya kiwanda, na mgeni akapata jina la Mtoto wa Mama kabla hajapata sare.

Kazi yenyewe si lelemama. Zamu ya asubuhi ni saa nane za kusimama kwenye mvuke, na mshahara wa majaribio ni mdogo. Theluthi yake inaishia duka la dawa. Mikono ya Dobi ina alama za moto mpaka kwenye viwiko. Mashuka ya hoteli anayanyoosha haraka kama wenzake. Ya hospitali yakifika, hupunguza mwendo na kupitisha shavu.

"Mwanzoni tulimcheka," anasema Kasuku. "Sasa na mimi napitisha. Usimwambie."

Zamu inaisha mchana, na mwandishi anaongozana naye hadi nyumbani. Njiani anaeleza mpango wake. Akibakizwa, ataweka akiba kidogo kidogo hadi akodi chumba cha kona kilicho karibu na kwao, afungue duka lake mwenyewe la udobi. Ameshakichagua. Sifa yake kubwa ni kwamba hakina ngazi.

"Mama atakaa mezani kupokea nguo," anasema. "Wateja hawatathubutu kulalamika."

Nyumbani, mama amekaa dirishani kwenye kiti chenye mto, simu imelala mapajani tangu asubuhi. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Binti yake anasema amekataa hata kulala mchana. Dobi anasalimia, anaulizwa kama amekula, kisha anasimama kwenye meza yake ya zamani na kuanza kupiga pasi shati la jirani. Mikono yake haijui kusubiri bila kazi.

Saa tisa simu inalia. Mama anaiacha ilie mara mbili, kwa heshima yake, ndipo anabonyeza ili wote wasikie.

"Shikamoo, mama," inasema sauti ya meneja.

"Marahaba. Umechelewa, chai yangu imepoa."

"Samahani, mama. Nimekupigia kama tulivyoahidiana. Mwanao ameunguza taulo mbili."

"Mbili tu?"

"Na ni kweli anaimba."

"Nilikwambia. Sikuficha kitu."

Meneja anacheka. Kisha anasema, taratibu kidogo, "Mama, tunaomba tubaki naye. Kazi ya kudumu. Na ile miaka tisa tumeihesabu kuwa ni uzoefu wa kazi."

Mama anamgeukia mwanawe, aliyesimama na pasi hewani, macho yamejaa maji.

"Weka pasi chini, utaunguza shati la mtu," anamwambia. Kisha anairudia simu, kwa sauti ile ya mlima wa jirani: "Haya, kaeni naye. Lakini mjue sijawapa. Nimewaazima."

"Kwa muda gani, mama?"

Mama anafikiri, kidole kikipapasa mpini wa kigongo.

"Miaka tisa," anasema. "Halafu tutazungumza."

Anakata simu. Dada mtu anapiga kigelegele barazani, Dobi amejifunika uso kwa shati la jirani, na mama anauliza kama katika nyumba hii kuna mtu mwenye nia ya kumpashia chai.