Avenue ya Nane ya Buyenzi, Siyo ya Kamenge

Asubuhi hii katikati ya jiji la Bujumbura, ndani ya chumba cha intaneti chenye kompyuta chache na feni inayolalamika, Benite Namegabe amekodolea macho kioo. Ukurasa unafunguka polepole, kama vile unalazimishwa. Linatokea jina la mgahawa, kisha namba ya simu, kisha anwani. Benite anashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kamenge! Mungu wangu, bameandika tena Kamenge!"

Watu wote chumbani wanageuka. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja tu kuuliza habari za kazi isiyo ya kawaida, anaelewa mara moja, kwa sababu ameshasimuliwa neno hilo moja lilifanya nini mwaka jana.

Benite, mkimbizi kutoka Uvira nchini Kongo, ni mfanyakazi wa mgahawa wa Mama Adija huko Buyenzi, mtaa wa misikiti na mafundi wa magari. Mchana anahudumia meza. Asubuhi, akishamaliza kuparua mukeke, samaki wa Ziwa Tanganyika, anatembea hadi mjini kukagua kurasa za intaneti zinazoutaja mgahawa huo: ule wa Warundi wa Ubelgiji, ule wa wasafiri, na zile za mashirika ya misaada.

Anataka zote ziseme kitu kimoja. Jina lile lile, mtaa ule ule, simu ile ile, saa ile ile ya kufunga. Hiyo saa ya kufunga nayo ni mtihani, maana inafuata amri ya kutotoka nje usiku, na amri hubadilika kadiri milio ya risasi inavyokaribia au kusogea mbali.

Hawezi kurekebisha kosa yeye mwenyewe. Huwaandikia barua pepe wenye ukurasa, halafu hungoja. Wengine hujibu siku hiyo hiyo, wengine kimya.

Kazi hiyo alipewa na Mama Adija. Vita vimewakimbiza wateja wake wa zamani, na waliobaki ni wageni wa mashirika na Warundi wanaorudi kuwaona ndugu zao. "Bale bote banatafuta kwanza kwa intaneti," anasema mama huyo. "Ukikosekana pale, ni kama haupikage."

Mwaka jana Benite alituma taarifa kwa ukurasa wa Ubelgiji. Aliandika: avenue ya nane, karibu na gereji. Basi. Buyenzi hakuitaja.

"Hapa kwetu ukisema avenue ya munane, umemaliza," anasema. "Nani ataongeza Buyenzi, na tuko mu Buyenzi?"

Ndivyo watu wa jiji hili walivyo. Mitaa kadhaa ina barabara za namba, na kila mtaa unaamini avenue ya nane ni yake peke yake. Aliyepokea taarifa ile kule Ubelgiji ni kijana aliyezaliwa Kamenge, kaskazini mwa jiji, akakimbia vita vilipoanza mwaka 1993. Yeye naye alikuwa na avenue ya nane moja tu, ile aliyochezea utotoni. Aliona mtaa umesahauliwa, akaujaza kwa roho safi kabisa: Kamenge.

Ndipo akaja Valéry, fundi umeme anayeishi Ubelgiji. Alirudi kumwona mama yake baada ya miaka kumi, akamwalika wale mukeke kwa Mama Adija. Mama, mkazi wa Buyenzi, alikwenda kwa miguu akafika. Mwanawe, aliyefikia hotelini mjini, akapanda teksi ya dereva anayeitwa Gélase, mkononi ana anwani aliyoichapisha kutoka intaneti.

"Gélase aliniuliza, 'Patron, ni Kamenge kweli? Siku hizi kule si kuzuri,'" anasimulia Valéry kwa simu. "Nikamuonyesha karatasi. Nikasema, si unaona, imeandikwa. Twende."

Kwenye avenue ya nane ya Kamenge hawakukuta mgahawa. Walikuta nyumba zimefungwa milango mchana kweupe. Walishuka kuuliza, na risasi zikaanza. Familia moja ilifungua mlango ikamvuta Valéry ndani. Gélase alikimbilia teksi yake ili aigeuze. Hakuifikia.

Wakati huo, Buyenzi, mama yake Valéry alikuwa ameketi mbele ya sahani mbili, na Benite anampashia samaki moto kila anapopoa.

"Nilikuwa namuambia, 'Mama, tulia, mutoto atakuja,'" anasema Benite. "Na ni mi nilikuwa nimemutuma kule!"

Kesho yake Valéry alifika na ile karatasi. Benite aliisoma mara mbili.

"Sikulia. Nilibaki nashangaa tu, kama mutu amepigwa kofi. Mutu anaweza kufa sababu ya mutaa haukuandikwa?"

Jiji hili limezoea vifo vya kila namna, lakini mtu kuuawa akitafuta sahani ya samaki, hapana, akili inagoma kabisa.

Kijana wa Ubelgiji alirekebisha anwani siku ile ile aliyoambiwa. Tatizo ni kwamba kurasa nyingine zilikuwa zimeshanakili anwani ile, na hii ya leo ni mojawapo. Na leo mgahawa una wageni wa mchana, waliotuma barua pepe kutoka hotelini kwao.

Benite anatoka mbio hadi kibanda cha simu. Anabonyeza namba za hoteli.

"Buyenzi," anamwambia mpokeaji. "Bado hawajatoka? Aksanti Mungu. Baambie ni Buyenzi. Kamenge apana, apana kabisa!"

Anarudi kwenye kompyuta, na huku akiandika anamsimulia mwandishi kuhusu Concilie, mjane wa Gélase. Alikwenda kwake kuomba msamaha, akitarajia kufukuzwa. Concilie alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo ambalo Benite hakulitegemea.

"Alisema, 'Vita vikiisha, mufungue kweli restaurant kule Kamenge. Pale pale bwana yangu alikuwa anaitafuta. Mi nitapika.'"

Mama Adija alikubali bila kujadiliana. Tangu wakati huo Concilie yuko jikoni Buyenzi, anajifunza kuchoma mukeke.

Benite anausoma ujumbe wake mara ya mwisho. Anaomba neno Kamenge lifutwe leo hii. Anautuma, lakini hainuki.

"Bafute kwa sasa," anasema. "Siku moja nitabaandikia balirudishe. Na mutu akienda pale, akute mulango wazi na Concilie anamungoja."