Tairi Iliyokuwa Kimya Kuliko Zote

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kuinama. Hata jina sikuwa nimeulizwa, wala kuonyeshwa mahali pa kutundika koti. Ilikuwa Kibera, kando ya barabara, kwenye kibanda cha pancha cha mtu tuliyemwita Fundi Mkuu, Mkamba wa Machakos mwenye mikono mikubwa hivi kwamba ungedhani alizaliwa amevaa glavu. Tairi ililala juu ya rimu, upepo ukiingia, na nyuma yangu kompresa ilinguruma kwa sauti ya kuamsha waliozikwa Lang'ata.

"Inama, kijana! Weka sikio hapo kwa rimu!"

Nikainama. Pa! Mlio ukanipiga usoni kama kofi la mama wa kambo. Nikaruka nyuma hadi barabarani.

"Umesikia ngapi?" akauliza Fundi Mkuu.

"Moja, Fundi."

"Moja ni matanga. Rudi uiname."

Nikarudi. Pa! Ya pili ikaja, Fundi Mkuu akafunga upepo, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu. "Sasa umeanza kazi," akasema.

Vijana mnaosoma haya mjue sababu yake. Ukingo wa tairi, ule mdomo mgumu wenye waya ndani, lazima ukae sawasawa kwenye rimu pande zote mbili. Upepo ukiusukuma, kila upande hulia mara moja unapoingia mahali pake. Milio miwili, gari liende. Mlio mmoja maana yake upande mmoja umedanganya, na kwenye kona ya kwanza ya kasi tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Hatukuwa na mashine ya kutuambia, tulikuwa na masikio. Fundi mwenye adabu aliinama karibu na tairi kama anayesikiliza mgonjwa, na aliyesimama mbali tulimwita mtalii.

Niwaambie mapema basi, msije mkasoma mkitafuta habari ya utajiri: hii ni habari ya masikio yangu. Ndiyo yaliyonilisha, yakasomesha watoto, yakanipa jina. Na kazi ile ile iliyoyanoa ndiyo iliyoyala.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa kupiga kelele. Ukimwomba spana iliyo karibu na goti lake, atakujibu kwa sauti ya kusikika Ngong. Akicheka, anapiga kelele. Akisali kabla ya chai, anapiga kelele, hadi tukasema Mungu lazima amehama Kibera kutafuta utulivu. Tuliamini ni ukali. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba mzee wa watu alikuwa haisikii sauti yake mwenyewe.

Kutoka Kibera nilihamia Kawangware, upande wa Kabiro, kwenye duka lenye paa na sakafu ya saruji. Bosi wa pale tulimwita Mwenye Duka, mtu mpole kutoka upande wa Ziwa, aliyekuwa wa kwanza mtaani kununua mashine ya balansi, ile inayozungusha gurudumu na kuonyesha upande gani mzito ili ubandike kipande cha risasi upande wa pili. Lakini hata na mashine hiyo, gari likija na ugonjwa usioeleweka, aliniita mimi.

"Ingia nyuma, uende na mwenye gari mpaka Riruta Satellite," angesema, "urudi na jibu."

Nami nilirudi na jibu. Kila tairi ina sauti yake. Iliyoliwa upande mmoja kwa alaimenti mbaya, magurudumu yasipoelekea sawa, huvuma kama mtu anayekataa chakula. Yenye msumari husema ti-ti-ti. Iliyovimba ubavu hudunda kama ngoma ya harambee. Wakanipa jina la Masikio. Siongezi chumvi, au naongeza kidogo tu: ningekaa Riruta nikasikia msumari ukiingia tairi Kibera, na nikakwambia ni wa inchi ngapi.

Huko ndiko nilikojiunga na shule ya jioni, nikafanya kidato cha nne nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu mkuu. Nilitaka kusoma yale maandishi ya ubavuni. Mfano 225/45 R17: namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kisha kuna herufi ya mwendo, inayokwambia tairi imetengenezwa kuvumilia kasi gani. Nyingi zilizoletwa kwa magari ya saluni ya kasi ziliandikwa kwamba ni za majira ya joto. Nikamwuliza mwalimu wa jiografia majira ya joto ya Nairobi huanza lini. Akanijibu, "Yakianza, nitakuwa wa kwanza kukuarifu."

Lakini jambo lenyewe si la mzaha. Kwenye nchi za theluji watu huwa na seti mbili. Ile ya joto ina mpira unaoshika lami kama gundi, ila baridi kali ikija hukakamaa. Sisi hatuna theluji, kwa hiyo tunaivaa mwaka mzima, hata ile Julai yetu ya makoti. Adui yake hapa ni shimo. Ubavu wa tairi hizo ni mfupi kama kola ya shati, na ukigonga shimo la Kawangware kwa mwendo, rimu na barabara vinasalimiana.

Cheti changu cha jioni kikanifikisha kwenye kituo cha mwisho: duka kubwa la tairi upande wa mjini, lenye vioo, kochi na chai ya bure. Bosi alikuwa Meneja, mtu wa maneno machache na tai iliyonyooka. Alikuwa na desturi niliyoipenda. Mteja akisita kati ya tairi mbili tatu za bei kubwa, hakumbembeleza kwa maneno. Alizifunga zote, moja baada ya nyingine, kwenye gari moja, upepo uleule, barabara ileile, dereva yuleyule. Dereva alikuwa Owino, rafiki yangu, Mjaluo mrefu aliyekunja magoti hadi masikioni ili aenee kwenye saluni. Owino alipima breki kwenye lami kavu, breki kwenye lami iliyomwagiwa maji, na kona. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, sikio upande wa gurudumu, nikatoa hukumu ya sauti. Meneja alijumlisha. Kiti kile cha nyuma kilikuwa ofisi yangu. Waziri hakai vizuri hivyo.

Kule karakana ya nyuma, hata hivyo, tuliendelea kuinama. Meneja alileta vizibo vya masikio, vya sponji ya rangi ya machungwa. Tulivifurahia sana, vilifaa kuziba chupa za chai. Nani angevivaa halafu asikie milio miwili? Kengele ya simu ikaanza kunipita. Mke wangu, Mwende, akaanza kuniambia kila kitu mara mbili, nikamshauri aache kunong'ona. Ndege wa alfajiri wakapotea, nikadhani wamefukuzwa na majengo mapya ya ghorofa.

Kisha siku moja alikuja kijana wa Riruta Satellite na saluni ya buluu ya mchezo, yenye taabo ya kuipa injini nguvu, iliyolala chini kama paka anayewinda. Alitaka tairi za majira ya joto, na alikuwa amesoma mambo mengi hadi akachanganyikiwa. Meneja akatoa seti tatu. Kijana akaketi nyuma pamoja nami, Owino kwenye usukani, Meneja kando yake.

Seti ya kwanza ilivuma kidogo, sauti nzito ya kawaida, ikasimama vizuri pakavu, ikateleza kidogo kwenye maji. Nikasema, "Hii ni ya mzee wa kanisa. Haina neno." Kijana akacheka.

Tukarudi, tukafunga ya pili. Hiyo mpira wake ulikuwa laini kuliko zote, meno yake mapana, yamechongwa kama mishale. Owino akakanyaga breki kwenye maji, na gari likasimama hapo hapo, kama limeshikwa shati. Kwenye kona haikuhama hata unywele. Kisha tukaingia lami ya kukwaruza, pale tulipopimia sauti. Nikafunga dirisha, nikaegemeza kichwa, nikafumba macho.

Sikusikia kitu. Nilingoja. Kimya kitupu. Nikafurahi kama niliyeokota dhahabu. Tairi laini vile, inashika vile, na bado iko kimya!

"Meneja," nikasema, "nimefanya kazi hii tangu Kibera, na hii ndiyo tairi kimya kuliko zote nilizowahi kuzikalia. Mtoto mchanga angelala juu yake."

Kijana akapasuka kicheko. "Huyu mzee ananibamba! Mzee, uko na jokes moto!"

Nami nikacheka, kwa kuwa mteja akicheka unacheka. Lakini Owino hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, yananitazama. Akapunguza mwendo.

"Ndugu yangu," akasema, "rudia hayo."

"Iko kimya."

"Hii kitu inalia, bwana. Inalia mluzi mwembamba, inatoboa mpaka meno. Hausikii?"

"Acha mchezo, Owino."

Kijana akageuka kunitazama. "Mzee, kwani si ni joke?"

Meneja hakugeuka. "Rudi mwanzo wa barabara," akamwambia Owino. "Tupite tena."

Tukapita tena. Nilibana sikio kwenye kioo cha mlango hadi likauma. Niliusikia uzito wa injini, nikamsikia Meneja akikohoa. Mluzi sikuusikia. Nilimwona kijana, pembeni yangu, amekunja uso kama mtu aliyeng'ata limau, na hapo ndipo nilipojua kwamba unalia kweli, na kwamba unalia karibu kabisa na kichwa changu.

Sauti nyembamba huondoka kwanza. Hilo niliambiwa hospitalini baadaye. Kila ile pa! ya rimu ilinichukulia kidogo, na kompresa ikachukua iliyobaki, na haziwezi kurudi. Nilipotoka pale nilimkumbuka Fundi Mkuu akimpigia Mungu kelele, nikakaa kwenye ngazi za hospitali kwa muda mrefu.

Kijana, mkitaka kujua, alichukua seti ile ile ya pili. "Wacha ilie," alisema, "bora ishike." Hakukosea. Ningekuwa na gari lake ningefanya vivyo hivyo, na kwangu isingelia hata kidogo.

Owino alinijia jioni nikiwa navua ovaroli. "Sikiza," akasema, kisha akajishika mdomo kwa neno hilo. "Tutafanya hivi. Mimi nikisikia inalia, nagonga gia kwa kidole. Mara moja ni mluzi, mara mbili ni mvumo. Wewe unaona kidole, unasema. Nani atajua?"

Nilimpenda siku hiyo kuliko ndugu wa tumbo moja. Nililiwaza jambo hilo hadi asubuhi, na ningependa kusema nilikataa kwa sababu ya ucha Mungu. Ukweli ni kwamba nilijiona pale nyuma, nimefumba jicho moja, jingine linachungulia kidole cha mwanamume mwenzangu, nikajionea huruma, na huruma hiyo sikuweza kuivumilia. Nikaenda kwa Meneja kabla hajaniita.

"Kiti cha nyuma mpe mtu mwingine," nikamwambia.

"Owino ameniomba nikuachie kiti hicho," akasema. Alizungumza akinitazama moja kwa moja, pole pole, ili nione midomo. "Lakini mteja analipia masikio. Halipii urafiki."

"Ndiyo maana nimekuja."

Akanipeleka stoo, kupanga tairi kwa saizi. Hakunipunguzia heshima, hilo namshukuru. Kiti changu hakikupewa mtu. Walinunua kimashine kidogo cha kupima kelele, wakakifunga kwa mkanda pale nilipokuwa nikikaa, na Owino aliniambia kwamba kila akifunga mlango anakiuliza kama kiko sawa. Nikacheka hadi machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka.

Nilimalizia utumishi wangu stoo, nikaagwa kwa soda na keki. Meneja alitoa hotuba, nadhani nzuri, maana watu walipiga makofi.

Sasa niko Kabiro, nyumba ya kupanga, mlango wa tatu kutoka chooni. Nawapitia vijana wa pancha barabarani, nawaona wanavyoinama, nawashika bega, nawaambia wavae vizibo vya masikio. Mmoja aliniandikia jibu lake kwenye simu, herufi kubwa: "Buda, hizo vitu za maskio ni za wasee wa airport." Nikampigia kelele. Wote wakaruka. Nadhani wananiita mkali.

Msidhani uziwi ni utulivu. Kichwani mwangu kuna mluzi usiokatika, kama valvu inayovuja, usiku na mchana, na dunia yote imekaa nyuma yake. Hata mvua. Na mvua ya Kawangware mnaijua, ikipiga mabati watu wa nyumba moja hawasikizani. Jioni, Mwende huketi mbele yangu akisikiliza redio yake, miguu kwenye kigoda. Mimi huangalia mkono wake. Akiunyosha akaizima katikati ya habari, kwa kuwa haina maana tena kuisikiliza, najua mvua imeanza, na nanyanyuka kwenda kuanua nguo.