Kibao cha Ilala na Anwani Nilizozifuta

Mwanangu, jana umeniambia kwamba Jumamosi hii utafuta anwani zote za kurasa za tovuti ya duka la shangazi yako uziandike upya, kwa kuwa za sasa zinakutia aibu. Nilisingizia nina mgeni, nikakata simu, na tangu hapo sijatulia. Naandika haya nimesimama kwenye kaunta yangu hapa Kariakoo, wateja wananipita kushoto na kulia. Nikisubiri nipate nafasi ya kukaa, utakuwa umeshafanya.

Siku inayonirudia ni Jumatano moja, nikiwa na umri kama wako. Wazazi wangu, watu wa Kilimanjaro, walitaka nikae nao kwenye duka lao la jumla. Mimi kukaa sikuweza tangu tumboni, nikakimbilia kompyuta. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mtaa wa Gerezani kwa Mzee Nassor, Mwarabu mzaliwa wa Ilala, aliyeuza mashine za kusaga nafaka kwa watu wa mikoani.

Nilimtengenezea tovuti. Kila aina ya mashine ilikuwa na ukurasa wake wenye picha, vipimo vya spea zake na namba ya simu ya duka. Anwani za kurasa hizo sikuzifikiria hata dakika moja. Nilichukua tarehe niliyopakia ukurasa, nikaongeza namba mbele yake, basi. Ukiitazama huwezi kujua kama inakupeleka kwenye mashine ya mahindi au ya karanga.

Mzee akaja na wazo lake mwenyewe. Kila mashine inayotoka dukani iandikwe ubavuni anwani ya ukurasa wake, kwa rangi ya mafuta isiyofutika. Fundi Shomari, mwandishi wa vibao, alinung'unika kwamba tarakimu zangu hazina mwisho, lakini aliandika. Na Mzee akawa anawaambia wateja, "Spea ikikuharibikia huko kwenu, usihangaike kuleta sampo. Fungua anwani hiyo ya ubavuni, utuambie unataka nini, tutakutumia." Wewe umekulia hapa, unajua kwamba Kariakoo mtu hanunui spea bila kushika ile mbovu mkononi. Sisi tuliwaambia watu waache desturi hiyo, nao wakatuamini.

Miaka miwili baadaye nilijifunza kupanga anwani, nikazitazama zile za kwanza nikaona haya, kama wewe sasa. Nikakaa siku mbili mfululizo, jambo ambalo kwangu ni muujiza, nikazipanga upya: kwanza mashine, kisha kazi yake, kisha ukubwa wake. Zilikuwa nzuri, sikatai. Mtu angeweza kumsomea mwenzake kwenye simu na wakaelewana. Halafu nikafuta za zamani zote. Mzee aliniuliza, "Na zile zilizoandikwa kwenye mashine za watu?" Nikamwambia watu siku hizi wanatafuta tu mtandaoni, watatuona. Nilimjibu hivyo huku natazama simu yangu.

Jumatano hiyo akaingia mama mmoja, kanga yake imejaa vumbi la safari, mkononi ana daftari la shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali mpo. Nilijua mmefunga."

Aliitwa Mama Komba, ametoka Namtumbo. Mumewe marehemu alimwachia mashine moja ya kusaga, na mteja wake mkubwa alikuwa shule ya bweni ya pale. Hiyo ndiyo iliyokuwa inasomesha watoto wake. Wiki iliyopita shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine, ilikatika. Akaazima simu ya mwalimu, akaandika anwani aliyoinakili ubavuni mwa mashine, akaambiwa ukurasa haupatikani. Akajaribu siku tatu. Namba yetu ya simu hakuwa nayo, maana ilikuwa ndani ya ukurasa huo huo. Shule ikampa hadi Ijumaa, unga uwe umefika, la sivyo wanahamia mashine nyingine. Ndipo akapanda basi.

"Shafti yenyewe iko wapi, mama?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Si mlisema sampo haina haja?" Akafungua daftari. Zile tarakimu zangu zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kutulia, zimepigiwa mstari chini. "Hii hapa. Namba yenu wenyewe, mtaijua."

Hatukuijua. Mashine hiyo tuliiuza kwa ukubwa wa aina tatu, na kwa sura zinafanana kama pacha. Vipimo vya zote tatu nilikuwa navyo, tena vimepangwa vizuri ajabu kwenye anwani zangu mpya. Nilichokuwa sijui ni namba ile ya zamani ilikuwa ya ipi kati ya hizo tatu, kwa sababu nilifuta bila kuandika popote. Risiti ya marehemu ilisema "mashine ya kusaga, moja". Fundi wake wa kijijini hapatikani kwenye simu. Na shafti hukerezwa kwa kipimo, kazi ya saa nyingi, na mkereza vyuma jirani yetu anafunga magharibi.

Nilifungua kompyuta, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilitoka nje, nikarudi. Mama Komba alikuwa ananitazama kwa matumaini, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mzee Nassor alimwagizia chai, akanigeukia mimi. "Shomari huandika kwanza kwenye kipande cha boksi kabla hajagusa mashine," akasema. "Na hatupi kitu yule. Yuko Ilala, kwenye duka langu la zamani, nimempa kazi. Nenda."

Nikaenda mbio. Nilimkuta Shomari juu ya ngazi, brashi mkononi, anapaka upya herufi za kibao kidogo juu ya mlango wa duka ambalo sasa ni la mtu mwingine: NASSOR AMEHAMIA GEREZANI, na chini yake, KARIBU NA RELI. Mzee alihama pale nikiwa darasa la tatu. Nikamuuliza Shomari kama bado kuna mtu anayekuja kumtafuta pale.

"Mwezi uliopita kaja mmoja wa Kilwa," akasema. "Mzee kila mwaka anakuja kumwomba mwenye duka asikitoe, na rangi ikipauka ananiita mimi. We mbona unahema hivyo, dada?"

Nilikuwa na haraka kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na bado nilisimama pale nikisoma kile kibao. Nilijionea aibu. Kisha nikamweleza.

Vipande vya maboksi vilikuwa chumbani kwake, mitaa miwili kutoka pale, vimefungwa kamba chini ya kitanda. Tulivimwaga sakafuni tukavipekua kimoja kimoja. Cha Mama Komba kilikuwa na tarakimu zangu zote, na pembeni Shomari ameandika neno moja: "kati". Ya ukubwa wa kati. Nilimkumbatia mtu wa watu huku mikono yake ina rangi, nikarudi Gerezani kwa bodaboda na gauni lenye madoa mekundu.

Mkereza vyuma alimaliza jua likiwa linazama. Mama Komba alikaa kando yake muda wote, daftari mapajani, na alfajiri ya Alhamisi akapanda basi na shafti yake.

Jumapili akapiga simu. Shafti imekaa sawasawa, akasema, Jumamosi wamesaga. Ila shule walikuwa wameshahama Ijumaa jioni. Akanishukuru kwa kukimbia. Ningefurahi angenitukana. Zile siku tatu alizojaribu kwenye simu ya mwalimu zingemtosha kabisa, na mimi ndiye niliyezichukua.

Mzee Nassor hakupandisha sauti. Aliniita ofisini, akasema, "Mimi nilihama mlango mmoja, binti, na mpaka leo namwonyesha mtu njia. Wewe umehamisha milango yote kwa siku moja na hukuacha hata kibao." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Niliyachukua maboksi ya Shomari, na kila namba ya zamani nikaielekeza kwenye anwani yake mpya, moja moja, mpaka mtu akiandika ile ya zamani anapelekwa moja kwa moja panapotakiwa. Ilinichukua wiki nzima. Shule haikurudi kwa Mama Komba, na mwanawe mkubwa alikaa nyumbani mwaka mmoja bila kusoma. Najua kwa sababu nilikuwa nauliza.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nakujua una haraka kama yangu. Unataka anwani nzuri, na ni haki yako. Zipange kama unavyomwelekeza mgeni, mtaa kwanza, nyumba baadaye. Tumia jina la kitu chenyewe, fupi, linalosomeka kwenye simu, na ukishachagua mtindo ufuate ukurasa hadi ukurasa. Usiweke tarehe, usiweke jina lako, na usiweke neno "mpya", kwa sababu mwakani itakuwa kuukuu. Lakini shangazi yako amechapisha zile anwani mbaya kwenye mifuko ya vitenge, na mifuko hiyo iko Tabora na Lindi, imekunjwa kwenye makabati ya watu. Siku uliyompa mtu anwani, ikawa yake. Kabla hujafuta hata moja, iandike, uielekeze kwenye mpya, halafu uijaribu kwa mkono wako mwenyewe. Kama huna muda wa kufanya hivyo Jumamosi, basi usiguse kitu Jumamosi.

Mzee Nassor ametangulia mbele za haki. Wanawe wameijenga upya tovuti ile mara mbili, na mara zote mbili nilikwenda kuwasihi waziache zile namba zangu mbaya zifanye kazi. Asubuhi hii, kabla sijaanza kukuandikia, nimeandika ile ya Mama Komba kwenye simu. Imefunguka: shafti, ukubwa wa kati, vipimo vyote, na namba ya duka.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiokimbia watu. Na kila atakayefunga safari kwa kuliamini neno lako, akukute pale ulipomwambia upo.