Kumuuliza Mgeni Jina

Watu wa tamasha la Kilifi huniudhi kabla hata hawajafungua mdomo. Huja asubuhi kwenye kibanda changu kando ya uwanja wao kununua mahamri na mbaazi, macho yamewaiva, wakaniambia eti muziki wa dijei umewaponya. Umewaponya nini? Siwaamini hata kidogo. Mimi nimekulia Muyeye katika nyumba ya pepo, na mambo hayo nayajua.

Mama alikuwa kiti, yaani pepo walimpanda yeye. Fundi wa ngoma alitafuta mdundo wa pepo wake mpaka mabega ya mama yakaanza kutikisika. Hapo ngoma zilinyamazishwa, na fundi akamuuliza pepo, tuliyemwita mgeni, jina lake na anachotaka. Mgeni alitaka marashi, kanga mpya, na siku saba za kuchezewa ngoma. Tuliambiwa pepo asipoulizwa haondoki. Siku hizo saba sikuwa na mama, na nilimchukia mgeni huyo kwa moyo wote. Mwishowe baba alikataza ngoma hizo, mama akatulia. Hata harusini hakucheza tena.

Mwaka jana, siku za tamasha, msaidizi wangu aliugua, mama akaja kunisaidia kukaanga. Saa nne asubuhi dijei alianza mdundo mmoja usiokwisha, kama mtu anayetwanga. Nilipogeuka, mama ameacha mwiko na mabega yanatikisika. Niliingiwa na hofu. Nitampoteza tena, na safari hii hakuna fundi, yuko kijana wa mashine tu asiyejua anamwita nani.

Akajipenyeza katikati ya wachezaji, nami nyuma yake, akapiga magoti mchangani. Papo hapo dijei akakata muziki, kama wanavyopenda kufanya ili watu wapige kelele ukirudi. Ulikuwa wakati wa kuuliza, na hakuna aliyeuliza. Basi nikapiga magoti mbele yake, unga mikononi.

“Karibu, mgeni,” nikasema. “Jina lako nani? Wataka nini?”

Mama akafumbua macho.

“Hapana mgeni hapa, mwanangu,” akasema kwa sauti yake mwenyewe. “Ni mimi. Nataka kucheza.”

Mdundo ukarudi, akainuka. Nilibaki pale chini nikijiuliza ni mara ngapi, siku zile za Muyeye, alikuwa ni yeye.